Darubini Iliyotolewa Ng'ombe Kumi na Wawili

Mwaka ulikuwa wa sabini na nne. Hapana, nakosea. Ulikuwa wa sabini na mbili, mwishoni, mwezi wa kumi na moja. Sabini na nne haiwezekani, maana mwaka huo ndio malori yalikuja kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, nyumba za zamani zikabomolewa, na nyumba ya mzee Maganga ilibomolewa pamoja na hesabu iliyoandikwa ukutani kwake. Na mambo haya yote yalianzia kwenye hesabu ile. Basi ni sabini na mbili.

Mzee Maganga alikaa upande wa Songwa, mahali ambapo ukipanda juu ya kichuguu unaona vumbi jeupe la mgodi wa almasi. Hakuwa tajiri. Alikuwa na mkewe, Mbuke, na watoto wawili waliobaki hai: Limi, binti, na Bujiku aliyemfuata. Mwaka uliotangulia Limi aliolewa na Mageni, mtoto wa mzee Nkwabi wa Kagongwa, wakatolewa ng'ombe kumi na wawili. Kwa Wasukuma jambo hili halina siri: ng'ombe wa dada ndio mke wa kaka. Wanaingia kwa mlango wa binti, wanatoka kwa mlango wa kijana. Na kuna jambo la pili, ambalo hakuna anayependa kulitamka siku ya harusi: binti akishindwa ndoa, akarudi kwao bila mtoto, ng'ombe nao wanarudi walikotoka. Kwa hiyo ng'ombe wa namna ile, hata wakiwa zizini kwako, wamesimama mguu mmoja ndani na mguu mmoja nje.

Bujiku alikuwa na miaka kumi na saba, amemaliza darasa la saba, na haja ya mke hakuwa nayo. Alikuwa na barua. Chuo cha hospitali moja ya misheni, safari ya siku mbili, kilikuwa kinafundisha wasaidizi wa maabara kwa miaka mitatu. Nafasi za serikali zilikuwa bure ila chache, na jina lake halikutoka. Hii ya misheni ilikuwa na ada: shilingi elfu moja kwa mwaka, pamoja na chakula na koti jeupe.

Maganga hakujua kusoma. Akamwita mwalimu Eustace wa shule ya msingi, akamkalisha kwenye kigoda, akampa barua. Mwalimu aliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Kisha akachukua kipande cha mkaa jikoni, akasimama mbele ya ukuta.

"Mzee, ng'ombe leo mnadani ni bei gani?"

"Mia mbili na hamsini, kama hajakonda."

"Nao ni kumi na wawili." Akaandika. "Elfu tatu. Ada ya miaka mitatu ni kiasi gani? Elfu tatu. Unaona Mungu anavyojua hesabu?"

Watu wakacheka. Maganga hakucheka. "Na akimaliza, analipwa nini?"

"Mtu wa maabara? Mia tano kwa mwezi, chini ya hapo hakuna." Akaandika tena, mkaa ukimvunjikia vidoleni. "Mia tano mara miezi sita. Elfu tatu! Miezi sita tu, mzee Maganga, ng'ombe wako wote wamerudi zizini, na mshahara bado unatiririka mpaka anaota mvi."

Baba mdogo wa Bujiku, mtu wa utani, akapiga mapaja. "Kumbe shule hii ni mwali wa ng'ombe kumi na wawili! Haya, bwana harusi, utuambie atazaa lini."

"Na Limi?" akauliza Mbuke kutoka mlangoni.

"Limi yuko kwake," akasema Maganga.

"Nimeuliza tu."

Limi hakuwapo. Kagongwa si karibu, na hakuna aliyetumwa kwenda kumwambia. Wiki ile ile ng'ombe walitolewa zizini kwenda mnadani, mbele akiwa yule mwekundu mwenye doa kwenye paji la uso, ambaye Limi mwenyewe alikuwa amempenda siku walipohesabiwa. Bujiku, kabla hajaondoka, aliinakili hesabu ya ukutani kwenye daftari lake, kwa penseli ya bluu. Ng'ombe 12, akachora vijistari viwili vya sawasawa, shilingi 3,000. Alipiga mstari chini yake kwa rula.

Vijistari vile viwili ndivyo vilivyomla.

*

Chuoni alifaulu. Alijifunza kupaka damu nyembamba kwenye kioo mpaka unaweza kusoma gazeti kwa nyuma yake, alijifunza kuyachunguza makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, alijifunza mayai ya minyoo kwa maumbo yake kama mtoto anavyojifunza herufi. Alipoinama mara ya kwanza kwenye darubini na kuona vijidudu vya malaria vimekaa ndani ya chembe za damu kama pete zenye kito, alisahau kuvuta pumzi. Kazi ile aliipenda. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye watu walidhani hakuipenda.

Mwaka wa sabini na sita akaajiriwa kwenye hospitali moja upande wa Geita. Mshahara: shilingi mia tano na ishirini. Mwalimu Eustace hakukosea, hata alipunja ishirini. Usiku wa mshahara wa kwanza Bujiku alikaa kitandani na daftari. Chumba, sitini. Chakula, mia moja na themanini, na hapo nyama ni Jumapili. Nyumbani kwa wazazi, mia moja. Watoto wawili wa baba mdogo waliokuwa wakisoma, sitini, kwa kuwa baba mdogo alikuwa ameshasema mbele ya watu, "Sasa tuna mtu." Sabuni, mafuta ya taa, viatu vya kazini. Michango. Nauli. Mgeni aliyekuja kutibiwa, naye ni wa kwao, hawezi kulala barazani. Alipomaliza kutoa, zilibaki thelathini na tatu.

Akarudia hesabu. Zikabaki thelathini na tatu.

Ukutani kwa baba yake mwalimu alikuwa ameandika mshahara kana kwamba mtu anayelipwa hali, havai, hana mama. Miezi sita ikawa miaka minane, kwa hesabu hiyo hiyo, bila kuugua hata siku moja. Bujiku alifungua kitabu cha akiba Posta, akaweka shilingi thelathini.

Krismasi ya mwaka wa sabini na saba akaenda likizo nyumbani, sasa kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari kama vioo kwenye sanduku. Siku ya tatu, jua linaelekea kuchwa, Limi akaingia uani. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa magome ya mti kwa kamba ya katani.

"Shikamoo dada," akasema Bujiku, kwa sababu hakupata neno lingine.

"Marahaba." Akakaa chini taratibu. "Usiniangalie hivyo na macho yako ya hospitali. Umevunjika, hata mimi najua."

"Mageni?"

"Na mchi." Akacheka kidogo, kicheko kisichofika popote. "Anasema ng'ombe kumi na wawili wamemnunulia debe tupu. Miaka sita, hakuna mtoto. Anasema hata ndama hakuna."

Mbuke alimwogesha, akampikia uji wa uwele. Maganga alitoka nje, akaenda akasimama penye zizi. Zizi lilikuwa na mbuzi wanne. Alisimama pale mpaka giza likamficha, na aliporudi alisema neno moja tu: "Nitarudisha nini?" Hakuna aliyemwuliza anamrudishia nani nini. Wote walijua.

Baada ya wiki tatu watu wa Kagongwa walikuja, watatu, na heshima zao zote. Wakasalimiana, wakauliza habari za mvua, wakanywa maji. Mkubwa wao akasema, "Ndugu zetu, hatukuja kwa ugomvi. Tumekuja kuchukua mke au ng'ombe. Chochote mtakachotupa, tutashukuru."

Limi hakungoja baba yake ajibu. Aliingia ndani, akatoka na kifurushi. Mkono ulikuwa umeanza kuunga, umepinda kama mpini wa jembe uliochongwa na mtoto.

Bujiku alimsindikiza mpaka njia panda. "Dada, nimeanza kuweka akiba. Elfu tatu ikitimia nakuja kukuchukua."

"Utatimiza lini?"

"Nilidhani miezi sita."

"Ya nani, miezi hiyo?" Akahamisha kifurushi kwenye mkono mzima. "Weka, mdogo wangu. Weka tu."

Alipogeuka, mama yake alikuwa nyuma yake. Mbuke hakuwa mtu wa maneno mengi. "Ng'wanawane," alisema, mwanangu, "hela usiilaze kwenye karatasi. Kila ukipata, nunua mtamba. Hata mmoja. Mlete hapa, nitamchunga mimi."

"Mayu, ng'ombe wanakufa. Ndigana, ile homa ya kupe, ikipita, nimebaki na ngozi. Hela ya Posta haifi."

"Haifi?"

"Inaongezeka, mama. Wanaongeza faida."

Mbuke akatazama barabara alikopotelea binti yake. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

*

Vita vya Kagera vikaja vikaisha, vikaacha maduka matupu. Sabuni ikawa hadithi. Sukari ikawa ya foleni na ya kujuana. Mwaka wa themanini Maganga akafa, na msiba ukala mia nne kutoka kitabu cha Posta. Bujiku akaanza kuzirudisha. Mshahara ulipanda kidogo mara mbili, na kila ulipopanda bei zilikuwa zimeshafika mbele, zimekaa, zinaungoja. Aliacha kula nyama ya Jumapili. Aliacha kununua viatu. Vile vya kazini alivishona kwa uzi wa kufungia majeraha. Hakuoa. Nani angemtolea ng'ombe? Wenzake hospitalini walimtania kwamba ameshaoa, mkewe anakaa mezani maabara, ana jicho moja na ametolewa ng'ombe kumi na wawili. Utani ule uliwahi kutoka kwa baba mdogo. Sijui ulifikaje Geita, lakini utani mbaya hausafiri kwa nauli.

Wakati huo wachimbaji wadogo walikuwa wameanza kuchimbua dhahabu kila penye kilima. Walikuja maabara na homa na damu kwenye mkojo, wamejaa udongo mwekundu mpaka kope. Mmoja wao, Kamili, mtu wa Ushirombo aliyeishia darasa la nne, alikuwa haugui kitu lakini anapenda mazungumzo.

"Bwana mavi, shikamoo!"

"Marahaba, mwizi."

"Leo umeona minyoo mingapi?"

"Mingi kuliko akili zako. Unaumwa nini?"

"Naumwa na hela." Kamili akatoa kijimizani mfukoni, visahani viwili vya vifuniko vya soda vilivyoning'inizwa kwa uzi. Upande mmoja akaweka punje ya dhahabu, upande wa pili njiti za kiberiti, moja, mbili, tatu, nne. Mizani ikatulia. "Unaona? Njiti nne. Hii ni wiki mbili kwenye duara letu, na shimo lenyewe halijafika hata kwenye mwamba wa dhahabu. Wewe wiki mbili unapata njiti ngapi?"

Bujiku alimwambia mshahara wake.

Kamili akatoa njiti moja, akaivunja katikati, akaitazama nusu ile, akaivunja tena. Akaweka kipande kile peke yake kwenye kisahani. "Miaka mitatu chuoni, siyo? Na ng'ombe kumi na wawili." Hakuwa anacheka tena. "Ndugu yangu, nakuonea huruma kweli."

Usiku ule Bujiku hakupata usingizi. Lakini asubuhi alivaa koti jeupe, akaenda. Mtoto mmoja aliletwa amelegea, na ndani ya robo saa Bujiku aliona kwenye kioo malaria imejaa damuni kama mtama kwenye debe, akakimbia mwenyewe na jibu mpaka wodini. Mtoto aliishi. Mama yake alipiga magoti kumshukuru. "Wabeja, daktari, wabeja." Bujiku alimwinua, naye akafikiri: huyu ananishukuru mimi, na aliyelipa ni mtu aliyeko Kagongwa, mkono wake umepinda.

*

Mwezi wa saba wa mwaka themanini na nne, karani wa Posta alimgeuzia kitabu chini ya kidirisha. Shilingi elfu tatu na kumi na mbili.

Alikisoma mara mbili, kama mwalimu Eustace alivyoisoma barua. Akatoa zote, akashona mfuko ndani ya suruali, akapanda lori mpaka Shinyanga. Pale, mtaa wa Ngokolo, alilala kwa mtu wa kwao, au tuseme alilala macho, mkono juu ya mfuko. Asubuhi baba mdogo akamkuta stesheni, wakapanda treni hadi Isaka, na kutoka hapo wakatembea mpaka Kagongwa. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Njiani alikuwa akiimba kidogo kidogo, na baba mdogo alimwacha aimbe.

Mzee Nkwabi aliwapokea kwa adabu. Vigoda vikatolewa. Wazee wanne wakakaa, Mageni akakaa kando yao, amenenepa shingo. Limi alileta maji ya kunawa na karanga, akaketi chini penye mlango, mbali na wanaume. Bujiku alimtazama mara moja tu. Alikuwa amekonda, na kitambaa cha kichwani kilikuwa kile kile alichomletea yeye Krismasi ya mwaka wa sabini na saba.

Baba mdogo alisema yaliyotakiwa kusemwa: kwamba ndoa ni ya watu wawili na hawa wawili wameshindwana, hakuna mtoto wa kukatiwa ng'ombe, na mtoto wa marehemu Maganga, ambaye ni msomi, amekuja kurudisha mali ya watu kwa mikono miwili. Bujiku akazitoa noti, akaziweka kwenye ungo. Na juu yake akaweka daftari, limefunguliwa penye penseli ya bluu.

Nkwabi aliangalia ungo muda mrefu. "Karatasi inasemaje?"

"Ng'ombe kumi na wawili, shilingi elfu tatu," akasema Bujiku. "Ndiyo bei waliyouzwa, mzee. Haijapungua hata senti."

"Waliuzwa lini?"

"Sabini na mbili."

Wazee wakaangaliana. Mmoja akakohoa. Mageni akaanza kutabasamu, akaacha, akatabasamu tena.

"Ng'wana Maganga," akasema Nkwabi kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko tusi, "wewe unakaa mjini, unaangalia ndani ya kile chombo chako. Mnada hujaenda siku nyingi?"

"Siku nyingi, mzee."

"Juzi, hapa hapa Kagongwa, dume la kati limeuzwa elfu mbili na mia nne." Akaugusa ungo kwa ncha ya fimbo. "Hapa umetuletea ng'ombe mmoja."

"Na mguu," akasema Mageni. "Baba, tusimwonee. Mmoja na mguu wa nyuma."

Walicheka, si sana. Bujiku hakusikia. Alikuwa anaangalia vile vijistari viwili vya sawasawa. Alivichora yeye mwenyewe, na kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kurudi kuuliza kama bado ni kweli. Kazini kwake kioo cha damu ya juzi hakitumiki kumtibu mgonjwa wa leo. Hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anajua hilo.

"Wangekuwa wamezaa," akasema mzee mwingine, kama anayejisemea. "Kumi na wawili wa wakati ule, leo ni zizi zima. Sisi hatuombi ndama. Tunaomba wale wale kumi na wawili."

"Nitaleta zilizobaki," akasema Bujiku.

"Lini?"

Akapiga hesabu pale pale, kichwani, kwa mshahara wake wa sasa na bei ya juzi. Alifika miaka arobaini na kitu, akaacha.

Ndipo Limi aliposimama. Mwanamke hasimami kwenye kikao cha namna ile, na kwa hiyo wote waligeuka kumtazama. Akaja mpaka penye ungo, akaunyosha mkono wa kushoto, ule uliopinda, mbele ya mdogo wake.

"Ng'ombe mmoja kati ya kumi na wawili," alisema. "Basi huu. Huu ndio niliolipiwa. Uchukue, nenda nao."

"Limi, kaa chini!" akafoka Mageni.

"Nakaa. Nilitaka tu asirudi mikono mitupu."

*

Bujiku hakurudi kazini. Likizo yake iliisha, koti lake likaning'inia kwenye msumari, na yeye akawa kwenye duara na Kamili, futi tisini chini ya ardhi, mshumaa mdomoni. Zile elfu tatu alizorudi nazo zilinunua magogo ya kuzuia kuta na sehemu ya nane ya shimo. Alichimba kama mtu anayefukua jamaa yake aliye hai. Kamili alimwambia apumzike, hakupumzika. Mchanga aliuosha yeye, zebaki aliishika yeye kwa viganja. Baada ya miezi mitano walipata njiti kumi na moja, wakagawana, akapata moja na kitu. Bei ya mtamba mmoja kasoro kwato.

Masika ya themanini na tano maji yakaingia kwenye duara usiku. Hakufa mtu. Asubuhi walisimama ukingoni, watu wanane, wakiangalia magogo yao yanaelea chini kule kama njiti kwenye kikombe.

"Rudi kwenye minyoo yako," Kamili akamwambia. "Wewe huku si kwenu."

Hospitali ilimrudisha, baada ya barua tatu na kusimama kwingi kwenye korido. Walimrudisha kwa mshahara wa kuanzia. Chini ya mwaka mmoja mama yake naye akafa, na alipokuwa akikusanya vyombo vyake alikuta uzi wenye mafundo, umetundikwa nyuma ya mlango. Akamwuliza jirani. Jirani akasema Mbuke alifunga fundo moja kila mwaka Bujiku alipokuja likizo bila mtamba. Halafu kwa kila fundo aliongeza mafundo madogo, ya ndama ambao wangezaliwa. Bujiku aliyahesabu. Yalipita kumi na mawili, yakaendelea.

Alikwenda Kagongwa mara moja tena, mwezi wa tisa wa themanini na sita. Hakwenda kwa wazee. Hakuwa na kitu cha kuweka kwenye ungo. Alimngoja Limi penye kisima. Mageni alikuwa ameoa mke wa pili, na huyo alikuwa amezaa, kwa hiyo Limi alikuwa hapigwi tena sana. Alikuwa tu mtu wa kuchota maji. Alikuja na ndoo kichwani, na mkono uliopinda ulikuwa hauwezi kufika juu kuishika, kwa hiyo alitembea ameikaza shingo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Akaitua ndoo. Akamtazama toka juu mpaka chini. "Mikono yako imefanya nini?"

"Dhahabu."

"Ulipata?"

"Sikupata."

"Mama alizikwa vizuri?"

"Vizuri. Walikuja watu wengi."

Limi akajaza ndoo, taratibu, kwa kibuyu. "Umerudi kazini?"

"Nimerudi."

"Baki huko. Usije tena na karatasi. Ada yako niliishalipa mara moja, Bujiku, sitaki kuona umeitupa shimoni." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anangoja amtwishe.

Bujiku akainua ndoo, akamtwisha. Alikuwa amesafiri siku mbili na swali, swali ambalo hakuna aliyelitaja siku ile mwalimu Eustace aliposhika mkaa, isipokuwa mama yake, na mama yake aliuliza tu. Alimwuliza Limi pale kisimani. Limi akaikaza shingo, akaanza kwenda, maji yakimdondokea begani, wala hakugeuka. Baadaye alimwuliza mwalimu Eustace, mzee na kipofu wa jicho moja, naye akazungumzia mvua. Akamwuliza baba mdogo, na kwa mara ya kwanza baba mdogo hakupata utani. Swali lenyewe lilikuwa fupi:

"Dada, siku ile wanawatoa ng'ombe zizini, kama wangetuma mtu akuulize wewe kwanza, ungesemaje?"